Tramu ya Kituo cha Hospitali

Juzi mjukuu wangu alinipeleka kwa fundi redio hapa mtaani kwetu Picha ya Ndege, nikakaa kwenye kigoda nikisubiri. Fundi akagusisha chuma chake cha moto kwenye lehemu, moshi mwembamba ukapanda, nami nikasimama ghafla kama mtu aliyeitwa. "Bibi, kuna nini?" mjukuu wangu akaniuliza. Nikamwambia ni joto tu. Haikuwa joto. Ilikuwa harufu ya baba yangu.

Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka harufu hiyo, enzi ambazo plastiki haijaingia na kila nyumba iliwasha koroboi, na kila koroboi ilikuwa jana yake kopo la mtu. Baba alikuwa fundi bati. Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko unaoshuka kutoka Kisarawe kwenda Pugu, mahali ambapo ukinyamaza unalisikia gari moshi likikohoa kupanda mlima. Kabla ya vita alikuwa mkulima wa mihogo tu. Ufundi aliupata jeshini, huko vita vikuu vya pili vya Wazungu vilikompeleka yeye pamoja na rafiki yake Kondo, ambaye walikua pamoja na kutahiriwa pamoja.

Kondo kwa Kizaramo cha wazee wetu ni vita, na watu walimtania kwamba anakwenda kumtafuta wajina wake. Mkewe, Bi Mwamvua, hakutaka aende. Aliapa kwamba akijiandikisha atakwenda mwenyewe bomani kumlilia Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, amrudishe. Kwa hiyo Kondo akajiandikisha kwa jina jingine, la babu yake, ili akitafutwa asipatikane. Ndiyo sababu, mambo yalipomfika, hakuna karatasi iliyokuja nyumbani kwake.

Siku baba aliyorudi sikumjua. Meno yangu ya mbele yalikuwa yameshaota upya, nami nilimwona mtu mrefu amevaa kaptura ya kaki, begi begani, akipanda njia kutoka stesheni ya Pugu polepole kama anayehesabu mawe. Mama alikuwa shambani. Aliyewahi kumfikia ni Bi Mwamvua, kwa kuwa nyumba yao ilikuwa chini ya yetu. Alikuwa amejifunga doti mpya ya kanga, mikono ina hina hadi kwenye vifundo kama mke anayempokea mumewe, na binti yake Sikudhani akimfuata nyuma ameshika pindo.

"Shemeji, karibu, karibu," akasema huku anahema. "Mwenzio yuko wapi?"

Baba akatua begi. Hakumtazama usoni. Alitazama ile mikono yenye hina, kwa muda mrefu hata mimi nikaona haya kwa niaba yake.

"Yuko Kolombo, ng'ambo ya bahari," akasema. "Hospitali. Mguu wake uliumia. Anatibiwa, atakuja na meli za nyuma."

Bi Mwamvua akapiga kigelegele, majirani wakatoka. Nami nakumbuka jambo moja tu la siku ile: kwamba baba yangu aliporudi kutoka vitani, mtoto wa kwanza kumwekea mkono kichwani hakuwa mimi. Alikuwa Sikudhani.

Nyuma ya nyumba yetu, kwenye uvuli wa mikorosho, baba alijenga kichanja cha fito kirefu kama vitanda viwili, akakisiliba udongo mwekundu na kuukandika hadi ukawa laini. Tulidhani ni kichanja cha kuanikia. Halafu akaanza kukusanya mikanda ya chuma inayofungia marobota ya nguo, aliyopewa na mwenye duka pale Kisarawe, akainyoosha kwa nyundo na kuisimamisha kwa ubavu juu ya udongo, miwili miwili. "Reli hizo," akasema. Tukacheka. Reli tulizijua, zilikuwa Pugu, na kila moja ilikuwa nene kuliko mguu wa baba.

"Hii siyo ya gari moshi," akasema. "Hii ni tramu. Inapita katikati ya mtaa, watu wanatembea kushoto na kulia, na haina moshi. Inaendeshwa na umeme."

Alitengeneza tramu mbili. Mabodi aliyakata kwenye debe la mafuta ya taa, akayakunja na kuyashika kwa lehemu, akatoboa madirisha moja moja kwa patasi ndogo. Magurudumu yalikuwa vibiringo vya uzi wa cherehani, alivyovikata katikati. Juu ya kila tramu aliweka mkono mwembamba wa waya uliogusa waya mwingine, uliotandazwa juu ya mtaa kwenye nguzo ndogo. Mimi niliamini kwamba tramu inajishikilia kwenye waya ule isianguke, kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake. Kumbe ulikuwa pambo tu. Kilichoiendesha ni kamba ya katani iliyozunguka chini ya kichanja. Kila tramu ilikuwa na ndoano iliyopenya mwanya katikati ya reli na kuinasa kamba ile. Pembeni palikuwa na mpini wa chuma. Ukizungusha mpini, kamba inavutwa, na tramu inaondoka huku ikitetemeka madirisha yake yote. Mpini ule baba aliuita umeme. Miaka mingi baadaye, umeme wenyewe ulipofika Kisarawe, nilizunguka jengo la boma mara mbili nikiutafuta mpini.

Kisha likaja jiji lenyewe, Kolombo. Soko la udongo lenye nguzo za mabua. Bandari, yenye kipande cha kioo kilichovunjika kwa maji. Msikiti. Na mwisho wa reli, kwenye kona, nyumba ndefu nyeupe iliyopakwa chokaa, ambayo baba aliiita Kituo cha Hospitali. Abiria aliwachonga kwenye moyo wa mti wa muhogo, ule ulio laini kama mkate. Kwenye benchi la nyuma la tramu ya kwanza walikaa askari wawili wenye kofia, bega kwa bega. Hao hawakuruhusiwa kuguswa. Siku moja nilimshusha mmoja ili nimpeleke sokoni. Baba alinizaba kofi lililonifanya nisikie kengele bila kengele kupigwa, akamrudisha askari wake mahali pake na kumbonyeza kwa kidole gumba, taratibu, kama anayemlaza mgonjwa.

Sasa najua alichokuwa akikijenga. Mama alinieleza nilipokwisha kuolewa. Kabla ya kuvushwa kwenda Bama kwenye mapigano, baba na Kondo walipata ruhusa ya siku moja Kolombo, wakaipanda tramu asubuhi na hawakushuka hadi jioni, wakienda na kurudi, kwa sababu hawakujua pengine pa kwenda na kwa sababu walikuwa wakicheka. Lakini wakati ule mimi nilifahamu kwamba baba anaupenda mji ule kuliko sisi, na kwamba anaujenga ili arudi.

Na nilifahamu kwamba anampenda Sikudhani kuliko mimi.

Alikuwa mtoto mdogo kuliko umri wake, Sikudhani, mwenye macho makubwa na tabia ya kujibu kila jambo kwa kunong'ona. Kila alasiri alikuja, "Shikamoo baba mkubwa," na baba aliacha nyundo yake kuitikia marahaba. Mimi nikimwamkia aliitikia bila kuinua kichwa. Kengele ya baiskeli iliyofungwa kwenye ubao ili kupigwa tramu inapoondoka alipewa Sikudhani. Mpini alipewa Sikudhani kwanza, mimi baadaye, mkono wake ukiwa umekwisha kuchoka. Akila, alipewa samaki upande wa tumbo. Hata mama aliona, kwa maana nilimsikia akimwambia baba, "Na huyu wa kwako je?"

Baba alikuwa akipeleka koroboi zake sokoni siku mbili kwa wiki. Siku hizo jiji lilikuwa langu.

Nilianza kwa jambo dogo. Nilimwambia Sikudhani, "Unajua tramu hii inafika kweli?"

"Inafika wapi?"

"Kwa baba yako. Pale hospitali. Ukiweka kitu ndani, nikizungusha, anakipata. Baba ameniambia mimi peke yangu."

Akaitazama nyumba nyeupe. Kisha akakimbia kwao, akarudi na kipande cha muhogo wa kuchemsha kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Tukakiweka kwenye tramu. Nikamwambia afumbe macho, kwa sababu mtu anayetazama anaizuia. Nikazungusha. Tramu ilipofika mwisho nikachukua muhogo nikautia mdomoni. "Fumbua," nikasema nikiwa nimeshameza. Tramu ilikuwa tupu. Siwezi kuusahau uso wake. Aliingiza kidole dirishani kuhakikisha, kisha akacheka kwa sauti, yeye ambaye hakuwa akicheka kwa sauti.

Kesho yake alileta yai. Siku nyingine shanga zake za kiunoni. Kisha pindo la kanga ya mama yake, alilolichana kwa meno, na ambalo alipigwa kwa sababu yake. Shanga nilizifukia chini ya jiwe la kusagia. Sikuzihitaji. Nilitaka tu asiwe nazo.

Zawadi zilipokwisha nikageukia amri. Nilimwambia baba yake ameleta maneno. Anasema usile mchana, kwa sababu na yeye hali. Hakula. Anasema usiseme na Mwajuma, binti wa jirani, ambaye ndiye rafiki pekee aliyebaki naye mbali na mimi. Hakusema naye tena. Kisha siku moja, sijui jambo hili lilinitoka wapi, nikamwambia, "Baba yako mguu unamuuma sana. Anasema wewe unakimbia kwa miguu miwili na humfikirii."

Siku mbili Sikudhani alirukaruka kwa mguu mmoja. Alikwenda kisimani hivyo, na ndoo kichwani, maji yakimmwagikia. Mama yake akadhani amechomwa na mwiba, akamkamata na kumkagua unyayo, akakuta hauna kitu, akamchapa kwa kuwatania majirani vilema. Sikudhani alichapwa akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Nilikuwa nyuma ya ukuta wao nikichungulia. Nilicheka hadi nikajiuma mkono nisisikike. Naandika haya nikiwa na wajukuu, na mkono ninaoandikia ndio ule niliouuma.

Mtaniuliza kama niliamini. Nusu niliamini. Baba alikuwa amesema Kondo yuko hospitali Kolombo, na hospitali ile pale, nyeupe, nikiiona kila siku. Nilijua muhogo nimeula mimi. Lakini yule mtu mwenye mguu mbovu alikuwa ndani ya nyumba ile, hilo sikulitilia shaka, na wakati mwingine nilimchukia kwa kuwa alikuwa na binti aliyependwa na baba wawili.

Idi ilipokaribia, baba alikaa siku tatu akifanya kazi ameficha mikono. Siku ya nne alituita. Akafungua kitambaa. Ilikuwa tramu ya tatu, ndogo kuliko zile mbili, imepakwa rangi nyekundu aliyoibakiza fundi aliyepaka milango bomani, na ubavuni amekwaruza herufi kwa msumari. Sikuwa nasoma vizuri, lakini herufi ya kwanza ya jina langu niliijua, na haikuwamo.

"Ya Sikudhani hii," baba akasema. "Aende nayo nyumbani, ni yake."

"Na mimi?" nikauliza.

Akanitazama kwa uchovu. "Wewe unaye baba," akasema.

Sikuyaelewa maneno yale. Niliyasikia kama mtu anayesikia mlango ukifungwa.

Asubuhi iliyofuata baba alikwenda sokoni. Sikudhani alikuja na tramu yake ameikumbatia kifuani, akataka tuipitishe kwenye reli. Nilikuwa nimejilaza usiku kucha nikitafuta la kumwambia, na nilikuwa nimelipata.

"Baba yako alikuja jana," nikasema.

Akasimama.

"Ulipokuwa ukienda kisimani. Alipanda njia kutoka stesheni, amevaa shati jeupe na kofia ya jeshi. Alikunywa maji hapa kwetu, kwenye kata ile. Akauliza, yule mtoto anayepita na ndoo ni nani? Nikamwambia ndiye Sikudhani, binti yako."

"Akasemaje?" Alinong'ona hata sikusikia, niliona midomo tu.

"Akasema, yule? Akasema, mimi nilitaka mtoto wa kiume. Yule simtaki. Akaweka kata chini akarudi Pugu kupanda treni."

Nilitarajia alie. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio chake kama mtu anavyojiandaa kwa chakula. Hakulia. Aliiweka tramu yake juu ya reli, taratibu, akageuka na kuondoka kwa mwendo wa haraka, kisha nikasikia nyayo zake zikikimbia kwenye njia ya kushuka Pugu. Kwa miguu yote miwili.

Adhuhuri Bi Mwamvua alikuja kumwulizia. Nikasema sijamwona. Akazunguka nyumba zote. Baba aliporudi alikuta wanaume wameshaingia porini wakimwita, na wanawake wamekaa chini mikono kichwani, kwani mwaka ule chui alikuwa amechukua mbuzi. Nikaendelea kusema sijamwona. Nilizungusha mpini wa tramu ili nionekane nacheza, na kamba ikawa nzito mkononi mwangu.

Alasiri vibarua wa reli walimleta. Walimkuta akitembea juu ya mataruma ya reli upande wa kwenda Soga, kuelekea bara, mbali na stesheni, nyayo zimechanika kwa kokoto, wakampakia kwenye toroli yao. Alikuwa amefuata upande ule kwa sababu treni ya asubuhi ilielekea huko, na yeye hakujua kwamba treni zinakwenda mahali tofauti. Mmoja wa vibarua, mtu mzima mwenye ndevu, ndiye aliyembeba mgongoni kumletea mama yake hadi mlangoni petu, walikokusanyika watu.

"Huyu mtoto anasema anamfuata baba yake," akasema. "Anasema baba yake amefika jana akaondoka."

Nikamwona Bi Mwamvua akibadilika. Mwanzoni furaha ilimjaa usoni, furaha mbaya, ya mtu aliyekaribia kuanguka. Kisha akamgeukia baba.

"Shemeji. Kondo amekuja?"

Baba akamsogelea.

"Amekuja ukamficha? Ana mwanamke? Sema tu. Nimwone hata kwa mlango. Mguu umekatwa, ndiyo maana anaona haya? Mimi sijali mguu!"

"Shemeji, kaa chini," baba akasema.

"Sikai!"

"Kaa chini, Mwamvua."

Alimwita kwa jina lake tupu, na nadhani hapo ndipo Bi Mwamvua alipojua, kwa sababu alikaa. Baba akachuchumaa mbele yake. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa bei ya karai, na watu wote wakasikia. Kondo hakuwahi kulala hospitali Kolombo. Alipigwa paja huko Bama, katika msitu, wakati wa kurudi nyuma. Baba alimbeba siku nzima. Siku ya pili waliamriwa wasioweza kutembea waachwe, na yeye hakuwa na nguvu tena, akamlaza chini ya mianzi, akamwachia chupa yake ya maji, akaondoka. "Aliniita," baba akasema. "Aliniita jina langu la jandoni. Niliendelea kutembea." Kesho yake walirudi kwa njia ileile, akamkuta amekwisha kufa, akamzika kwa mikono.

"Nilipofika hapa," akasema, "nikaona hina yako. Nikashindwa."

Bi Mwamvua hakulia. Alianza kuzikwangua kucha zake, kidole kimoja baada ya kingine, kana kwamba rangi itatoka.

"Miezi kumi na minne," akasema. "Umenikalisha miezi kumi na minne najipamba kwa ajili ya maiti. Nimekataa watu. Nimecheka ngomani. Mume wangu yuko chini ya udongo na mimi sijamlilia, sijamkalia eda, hata hitima hakusomewa. Bora ungenichinja, shemeji. Angekufa mara moja, na mimi ningekufa mara moja."

Ndipo watu wakauliza, sasa huyo aliyekuja jana ni nani? Wote wakamtazama Sikudhani, na Sikudhani akanitazama mimi.

Baba aliinuka. Hakunipiga. Ningempa chochote anipige. Alinishika bega akanisogeza mbele, akanisimamisha uso kwa uso na yule mtoto mwenye miguu iliyochanika.

"Mwambie," akasema.

"Nilikudanganya," nikasema. "Hakuja mtu."

"Yote. Mwambie yote."

Nikamwambia yote, mbele ya watu: muhogo, yai, shanga, kufunga, mguu mmoja. Wanawake waliguna kwa kila jambo. Sikudhani alisikiliza bila kupepesa macho. Nilipofika mwisho alisogea nyuma hadi alipogusa miguu ya mama yake, kisha akageuza uso wake ukutani na kubaki hivyo, na hata alipobebwa kupelekwa kwao hakuugeuza.

Kilio kilianza jioni ile katika nyumba ya chini. Bi Mwamvua akakaa eda yake, na ilipokwisha akaolewa na mtu wa Chole, huko ndani ya Kisarawe, akaenda na binti yake. Sikudhani hakuwa amesema nami neno. Miaka michache baadaye tukasikia amevunja ungo, amewekwa ndani, kisha ameozwa. Baba hakuwahi kugusa tena kile kichanja. Masika yaliingia, udongo ukalainika, soko likaangukia bandarini. Yeye aliendelea kutengeneza koroboi na makarai, na mimi aliniangalia kwa namna mpya, bila hasira, kama mtu aliyegundua kwamba mtoto amefanana naye. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko kofi. Kwa maana tulifanya jambo lilelile, mimi na yeye. Yeye alimwongopea mama yake Sikudhani, mimi nikamwongopea mtoto, na yeye alikuwa na huruma na mimi sikuwa nayo, na waliodanganywa waliumia sawasawa.

Nilimwona Sikudhani mara moja tu baada ya hapo, siku baba alipofariki. Tulikuwa watu wazima, kila mmoja ameshazika watoto na kulea wengine. Alikuja na wanawake wa Chole, amejifunika kaniki, akaingia ndani na kukaa kwenye mkeka kando yangu bila kuuliza ni nafasi ya nani. Akanipa mkono wa pole. Mkono wake ulikuwa mkavu, wenye nguvu za jembe.

Watu walipopungua nikasema, "Dada, mimi nilikukosea."

"Wewe ulinikosea mara moja," akasema. Sauti yake haikuwa ya kunong'ona tena. "Lakini siyo pale unapofikiri. Siku ile nilipokuwa nakimbilia Pugu, nilikuwa na baba. Hanitaki, sawa. Lakini yupo, anatembea, amekunywa maji kwenye kata yenu. Nilikuwa nimepanga nitakachomwambia nikimfikia. Nilikipanga njia nzima. Hata miguu sikuisikia." Akaivuta kaniki yake. "Halafu ukasimama pale ukasema hakuja mtu."

Uani walikuwa wakikosha masufuria, sauti ya mchanga kwenye chuma.

"Hebu nieleze tena," akasema.

"Nikueleze nini?"

"Alivyokuja."

Nilidhani ananikejeli, nikamtazama. Hakuwa akinikejeli. Alikuwa ameinamisha kichwa na kukunja mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kusomewa barua. Basi nikaanza. Nikamwambia alipanda njia kutoka stesheni amevaa shati jeupe na kofia ya jeshi. Nikamwambia jua lilikuwa kali, akaomba maji. Nikamwambia alikunywa kata nzima bila kupumua. Nikamwambia alimwona akipita na ndoo, akauliza yule mtoto ni nani, na nilipomwambia, akatabasamu, akasema, amekua, mashallah, amekuwa mzuri kama...

"Hapana," Sikudhani akanikatiza. "Hakusema hivyo. Usibadilishe."

Ikabidi nirudie, neno kwa neno, kama nilivyosema nikiwa mtoto: yule simtaki. Naye akatikisa kichwa kukubali.